Fundi kapima haidroliki gari ikiwa imezimwa, leo ananiambia giaboksi imekufa ninunue nyingine

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia nikiruka ruka, ila hili siwezi kulala nalo bila kulisema.

Nina Toyota IST ya 2004, cc 1300 hivi, automatiki ya gia nne. Nimeichukua ikiwa na kilomita elfu tisini na kitu, sasa hivi inasoma 187,000 na haijawahi kuniacha barabarani hata siku moja. Oili ya injini nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kukosa. Ila haidroliki, yani ile oili ya giaboksi, sikuwahi kuigusa, mana kila fundi niliyemuuliza jibu ni lile lile, "boss gari ya zamani usiguse haidroliki, ukimwaga tu giaboksi inakufa". Miaka yote hiyo nimetembea na hilo neno kichwani.

Mwezi uliopita nikasema ngoja nijitazamie mwenyewe. Nikachomoa dipstiki ya gia, kile kijiti cha kupimia oili, nikaifutia kwenye tishu nyeupe. Jamani ile kitu ilikuwa kahawia imekolea kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, wakati mpya inatakiwa iwe nyekundu kama juisi ya rozela. Harufu ya kuungua haikuwepo na gari ilikuwa inabadilisha gia vizuri tu, kwahiyo nikaona huu ndo wakati wa kubadilisha, kabla haijaanza kuumwa. Nikaenda Kariakoo nikanunua kopo la lita 4 la T-IV, aina ya haidroliki ya Toyota. Kwanini T-IV? Kwasababu imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe! Hauhitaji kompyuta wala kumuuliza mtu, unasoma tu.

Nikaenda gereji moja, siitaji jina, ninayofanyia sevisi siku zote. Fundi akafungua nati ya chini kwa alenki namba 10, ile chafu ikashuka kwenye kidumu cha lita 5, wanaitunza hiyo mana wapo watu wananunua oili chafu wapake mbao zisiliwe na mchwa. Nimesimama pale naangalia kwa macho yangu, kidumu kimevuka nusu, ni kama lita 3 hivi. Sawa. Akafunga nati, akaweka faneli kwenye tundu la dipstiki, akaanza kumimina mpya. Akamimina, akachomoa dipstiki, akaangalia, akamimina tena, akaangalia, akasema "tayari boss, imeshiba".

Gari muda wote huo IMEZIMWA. Hakuiwasha hata mara moja.

Nikashangaa kidogo mana kopo lilikuwa bado zito. Nikamuuliza fundi mbona imeingia kidogo kuliko iliyotoka, akanijibu "mzee hii mpya ni nzito inajaza haraka, mimi hizi gari nimezifanya miaka kumi". Nikanyamaza. Nikalipa elfu 20 ya ufundi, kopo nikalitupia kwenye buti na oili yake iliyobaki, karibu lita 2.

Siku mbili za mwanzo kawaida. Siku ya tatu asubuhi naweka D gari inakaa sekunde mbili tatu ndo inashika, tena inashika kwa kishindo mpaka shingo inaenda mbele. Nikasema labda inazoea oili mpya. Wiki ya pili ndo nikaona balaa lenyewe. Nimempakia mama namtoa kliniki ya presha, tunapandisha Kimara, foleni inasogea, nakanyaga mafuta injini inalia mpaka rpm elfu 4 na gari haiendi, inasogea kama inasukumwa na mtoto, nyuma yangu kuna semi inapiga honi na mama ameshika kiti kwa mikono miwili ananiuliza "mwanangu kuna nini". Sijui nilifikaje Mbezi. Tulipopaki nje ya nyumba kukawa na harufu kama ya plastiki iliyoungua.

Kesho yake narudi gereji. Fundi yule yule akaingia, akaizungusha mtaa mmoja, akatoka anatikisa kichwa. "Si nilikwambia boss? Nilisema ukibadilisha haidroliki giaboksi inakufa." Hakufungua boneti! Hakuchomoa dipstiki! Akaniambia kuna giaboksi ya mtumba anaijua mahali, laki sita na nusu, kushusha na kupandisha laki na nusu, jumla laki nane na nimpe advansi siku hiyo hiyo mana itachukuliwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimeshaanza kupiga simu kuomba kukopa.

Sasa mtaani kwetu kuna mzee, alikuwa fundi wa mabasi zamani, sasa hivi amepumzika. Jioni ananipita pale nje nimekaa kwenye ndoo naiangalia gari, akaniuliza vipi, nikamsimulia yote. Swali lake la kwanza: "Alipima gari ikiwa inaunguruma au imezimwa?" Nikamwambia imezimwa. Mzee hakusema kitu, akaniambia nenda kazunguke nayo pole pole dakika kumi na tano ipate moto alafu urudi hapa palipo tambarare, usizime.

Nikarudi. Akaniambia vuta handibreki, kanyaga breki, peleka gia R, N, D, 2, L, alafu rudisha P, kila mahali utulie kidogo. Injini inaunguruma. Akachomoa dipstiki, akaifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, akaizamisha mpaka mwisho, akaichomoa tena na kunishikia karibu na tochi ya simu. Ile dipstiki ina alama za COOL chini na za HOT juu. Gari imepata moto, kwahiyo oili ilitakiwa iwe katikati ya zile mbili za HOT. Wakuu, chuma kilikuwa kikavu. Kikavu! Nchani kabisa kulikuwa na tone moja jeusi jeusi, hata kwenye COOL haikufika.

Akaniuliza iliyobaki iko wapi, nikafungua buti. Tukaanza kuongeza, kikombe kimoja tunapima, kikombe kingine tunapima, mpaka ikakaa kwenye HOT. Imeingia karibu lita nzima. LITA NZIMA kati ya tatu zilizotoka haikurudishwa, na ilikuwa inatembea kwenye buti yangu wiki mbili huku giaboksi inakaukiwa. Nikaweka D, ikashika pale pale.

Mzee akanieleza nikaelewa na ndo mana nina hasira zaidi, mana ni jambo jepesi kabisa. Oili ya injini unapima gari imezimwa, kweli, oili imerudi yote chini. Giaboksi ya hizi Toyota ni kinyume. Injini ikizimwa oili inarudi chini kwenye sampo, ile trei ya chini ya giaboksi, na dipstiki inakudanganya kwamba imejaa. Ukiwasha, pampu inaivuta kwenda kwenye konveta (inayounganisha injini na giaboksi), kwenye valvu na kwenye kile kipoozeo cha radieta, kiwango kinashuka, na hicho ndo kiwango cha kweli. Ikiwa pungufu pampu inavuta hewa, presha inapotea, klachi za ndani zinateleza badala ya kubana, na zikiteleza zinaungua. Ndo ile harufu. Honda zina utaratibu wake, unaipasha moto alafu unazima na kupima ndani ya dakika moja na nusu. Kila gari ina maelekezo yake, na fundi wa miaka kumi anatakiwa ayajue au asome!

Alafu hili neno la "ukibadilisha inakufa", nimelifikiria sana wiki hii. Watu wanakaa na haidroliki moja miaka 15, joto la foleni linaipika kila siku, inakuwa nyeusi, klachi zinaisha, gia zinaanza kuteleza, HAPO ndo wanakimbilia kubadilisha. Giaboksi ilishakufa kitambo, inakuja kusingiziwa oili mpya. Alafu wengine ndo kama mimi, oili ilikuwa inahitaji kubadilishwa na giaboksi ni nzima, fundi anarudisha pungufu au anaweka isiyo yake, ikifa anasema si nilikwambia. Kwahiyo fundi hakosei kamwe, na anayeuza giaboksi ya mtumba ni yeye huyo huyo au rafiki yake.

Na hiyo ya kuweka isiyo yake ndo balaa kubwa. Pale gereji wana pipa moja la haidroliki nyekundu wanamimina kwenye kila gari, stering humo humo, giaboksi humo humo. Jamaa yangu ana Premio ile iliyoanza 2007, cc 1500, hiyo ni CVT, ndani kuna mkanda wa chuma unabanwa na puli mbili, inataka oili yake ya CVT na siyo hii nyekundu ya kawaida. Fundi akimimina humo ile ya kwenye pipa, mkanda unateleza na kukwangua puli, hapo hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Nissan nyingi hizi hizi tunazoagiza ni CVT pia. Na Mark X haina hata dipstiki ya gia, inapimwa kwa kufungua nati ya chini ikiwa kwenye joto maalum, sasa fundi anayekosea gari yenye dipstiki hiyo ataifanyaje?

Kitu kingine sikujua, ukifungua nati ya chini inatoka lita 3 tu, giaboksi nzima inabeba karibu lita 7. Nyingine inabaki kwenye konveta. Kwahiyo ukimwaga mara moja umebadilisha chini ya nusu, mzee ananiambia nimwage tena baada ya wiki kadhaa na tena, pole pole, nisikubali kupigwa ile mashine ya kusukuma kwa presha kwenye gari iliyokaa miaka mingi hivi.

Jana nilirudi gereji. Sikwenda kugombana, nilikwenda na kopo na dipstiki nikamwonyesha fundi mbele ya bosi wake. Nikasema nataka elfu 20 yangu na nataka mkubali mmekosea. Bosi akaniambia "sasa kaka si gari inatembea, unalalamika nini". Inatembea! Mama yangu alikuwa kwenye hiyo gari na semi nyuma yake! Na haijapona, mjue. Asubuhi ikiwa ya baridi kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili inagonga, kitu ambacho haikuwahi kufanya kabla hawajaigusa. Oili ya wiki tatu imeshakuwa nyeusi, ina harufu. Hizo ni klachi zangu zimeungulia humo.

Elfu 20 sijarudishiwa. Mwenye kujua wapi pa kulalamikia gereji za mtaani aniambie, mana risiti sina, nina meseji za simu tu anaponitajia bei ya giaboksi.

Jumamosi mzee atanisaidia kushusha sampo. Tunabadilisha chujio la ndani na gasketi, na tunaangalia zile sumaku za chini zimekamata nini. Kama ni unga mwembamba kama wino, mzee anasema kuna matumaini, tutamwaga na kujaza T-IV mpya. Kama ni vipande vya chuma, basi. Nitaweka picha hapa hapa.