Mrejesho: Sensa ya oksijeni ilikuwa nzima

Wakuu, nilileta shida ya gari langu la mwaka 2001: taa ya injini inawaka, msimbo wa hitilafu P0171 (yaani kompyuta inaona mafuta ni machache kuliko hewa), linabugia mafuta ajabu. Wengi mlisema nibadilishe sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa injini. Nilishafika maduka ya spea ya Gerezani kuulizia bei, nikarudi mikono mitupu kwa sababu bei iliyotajwa iliniumiza kichwa. Bora hivyo.

Fundi wangu wa Tabata akasema tupime kwanza. Injini ikishapata moto, sensa nzima ya aina hii hupanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Yangu ilikwama kwenye 0.15, haitikisiki. Nikajua imekufa. Yeye akapuliza dawa ya kusafishia kabureta, ambayo huungua kama mafuta, kidogo kwenye njia ya hewa ya injini, mita ikaruka hadi 0.8 hapo hapo! Maiti hairuki namna hiyo.

Basi akaliwasha gari asubuhi likiwa la baridi, akasogeza sikio: "tik, tik, tik". Gasketi ya manifoldi ya ekzosi, inayoziba maungio ya injini na bomba la moshi, ilikuwa imepasuka. Hewa ya nje inaingia kwenye moshi, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inazidi kumimina. Sensa ilikuwa inasema kweli ya ilichokiona, masikini.

Gasketi na ufundi havikufika hata nusu ya bei ya sensa. Wiki ya pili sasa, taa haijarudi, na foleni ya Barabara ya Mandela haininyimi tena usingizi.