Maisha ya hosteli Kampala kwa tuliotoka nje ya Uganda: tupeane uzoefu

Mdau wa Kikoni
Wakuu, Agosti inabisha hodi na vijana wa Tanzania, Kenya na Kongo wanajiandaa kuja vyuo vya Makerere, Kyambogo na kwingineko. Naanza na pesa, maana ndipo wengi wanapoumia. Hosteli za Kikoni na Nakulabye, mitaa ya jirani na Makerere, hulipwa kwa muhula, si kwa mwezi. Kabla hujatoa hata shilingi, panda ghorofa ya juu kabisa ufungue bomba asubuhi, wakati kila mtu anaoga. Likitoa matone, ndivyo utakavyoishi. Chomeka chaja kwenye kila soketi. Uliza kama umeme wa Yaka, yaani wa kulipia kabla, umo kwenye ada au mnachangishana chumba kwa chumba. Risiti iandikwe namba ya chumba na ya kitanda. Siku ya kuingia, piga picha kitasa, kioo cha dirisha na kabati, kisha mtumie kastodiani, yaani msimamizi wa hosteli, siku hiyo hiyo, la sivyo dhamana yako itakatwa kwa kitu kilichovunjika kabla hujafika.

Binti Bukoba
Hilo la picha lizingatiwe sana.

Msafiri wa Mutukula
Godoro msibebe kutoka nyumbani. Vitanda vya deka, yaani vya ghorofa, vingine ni futi mbili na nusu, vingine tatu. Pima kwanza kwa futi kamba, ndipo ununue soko la Owino au hapo Wandegeya.

Mwana Kisumu
Sikubaliani, ndugu. Mwanafunzi anafika usiku, maduka yamefungwa, alale kwenye chaga? Aje na lake jembamba.

Msafiri wa Mutukula
Alalie blanketi usiku mmoja, kaka. Godoro lisiloenea kitandani litamsumbua muhula mzima. Na wa kitanda cha juu asinunue nene: la inchi 8 linakaribia usawa wa ukingo, mtu akijigeuza usingizini hana cha kumzuia. Inchi 4 au 5 zinatosha.

Binti Bukoba
Chukueni kitanda cha chini basi. Neti unaifunga kwenye chaga za juu na kuichomeka chini ya godoro pande zote. Juu unahitaji msumari ukutani, na hosteli nyingi hawataki ukuta utobolewe.

Mwana Kisumu
Chini kila mgeni anakaa kitandani pako. Juu, funga kamba kutoka nondo za dirisha hadi kwenye fremu ya mlango, neti inaning'inia vizuri bila msumari.

Fundi wa Nakulabye
Samahani niwakatishe, kuna jambo la kufa na kupona: koili za kuchemshia maji kwenye ndoo. Ganda la koili likipata ufa mdogo, maji yote ya ndoo yanabeba umeme. Na katika majengo mengi waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haujaunganishwa vizuri, kwa hiyo hakuna kinachoukata umeme huo mpaka mkono wa mtu uguse maji. Anayetumia afuate mpangilio huu bila kuruka hata hatua moja: jaza maji, tumbukiza koili, ndipo uwashe. Ukimaliza, zima, chomoa plagi, toa koili, ndipo uguse maji. Kuonja joto kwa kidole koili ikiwa imewashwa ndiko kunakoua. Ndoo ya plastiki nayo huyeyuka koili ikiegemea ubavu.

Halafu ekstensheni. Koili ya wati 2,000 kwenye volti 240 huvuta ampea 8 na ushee. Mwenzako akichomeka pasi ya wati 1,200 hapo hapo, mmeongeza ampea 5. Mmeshapita 13, na zile ekstensheni za bei nafuu waya wake hauwezi hata nusu ya hapo. Ukiiacha imeviringishwa, joto linajifungia ndani. Plagi ikianza kuwa ya kahawia pembeni au kunuka plastiki, itupe. Fyuzi ikikatika msiweke kipande cha waya, nawasihi.

Mwana Kisumu
Kwani watu waoge maji baridi? Asubuhi za Kampala zina baridi, na anayetoka Dar ndiye anateseka zaidi.

Fundi wa Nakulabye
Birika la umeme linalojizima lenyewe. Lita 1.7 zilizochemka, changanya na lita 6 za bombani, unapata maji ya uvuguvugu ya kuoga mtu mmoja. Ila muulize kastodiani kwanza, wengine hata birika wanakataza.

Mama Kansanga
Wanangu, mmesahau kunguni. Kuumwa peke yake si ushahidi, hata mbu anauma. Angalieni vidoa vyeusi kwenye mishono ya godoro, matundu ya skrubu za kitanda na kando ya soketi. Mkiwakuta, msitoe godoro koridoni na msifukize moshi. Mtawahamishia jirani, kisha warudi. Mwagia maji yanayotokota kwenye maungio ya chuma. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Dawa ya kupuliza haiui mayai, na mayai huanguliwa kwa wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo rudieni baada ya wiki mbili, na vyumba jirani vipuliziwe siku hiyo hiyo. Sogezeni kitanda mbali na ukuta, kila mguu ukae kwenye kopo lenye mafuta kidogo. Kufunga chumba likizo nzima hakusaidii, kunguni mkubwa anastahimili njaa miezi.

Mdau wa Kikoni
Mama, wengine wanasema mafuta ya taa yanawamaliza.

Mama Kansanga
Mafuta ya taa kwenye godoro la sponji, chumba kimoja na zile koili? Hapana, mwanangu.

Mtoto wa Goma
Kwa ndugu wa Kongo: plagi za huku ni za miguu mitatu bapa, adapta nunua mapema. Saa za Kampala ziko mbele ya Goma kwa saa moja, angalieni ratiba za mitihani. Laini ya simu inasajiliwa kwa pasipoti. Na kutoa pesa kwa wakala kuna kodi ya asilimia 0.5 ya pesa unayotoa, mbali na ada ya wakala, kwa hiyo hosteli na chakula lipeni moja kwa moja kwa simu inapowezekana.

Kijana wa Tabora
Shikamooni wakubwa. Pasi ya mwanafunzi, kile kibali cha kukaa nchini kwa masomo, inalipiwa?

Binti Bukoba
Marahaba. Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni bure, mdogo wangu. Anza maombi ukiwa na barua ya udahili, na njiani usiache kadi ya homa ya manjano. Ukishahamia, jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, barua yake utaihitaji.

Kijana wa Tabora
Na likizo, kitanda kinabaki changu?

Mdau wa Kikoni
Hapana, mpaka ulipie nafasi ya muhula unaofuata. Fanya hivyo kabla hujapanda basi, na vitu vyako viingie stoo kwa orodha iliyosainiwa na kastodiani.