Eti "mchuzi hauhesabiwi"! Huyu mtu wa mapishi katuona mazuzu?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimepishana mjue ni hasira.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule yule wa "mlo mwepesi kwa familia", anayeonja chakula amefumba macho utadhani anateremshiwa wahyi. Leo kaja na tambi za nguruwe kwa mchuzi wa jibini. Sufuria yenyewe ukiitazama tu unavimba miguu. Chini kaandika kwa herufi nene: watu 6, sahani moja kalori 350.

Nikauliza. Kwa adabu zangu zote, shikamoo nimetanguliza: hizo 350 umezipigaje hesabu, na jibini imo?

Akanijibu mbele ya kadamnasi: "Mchuzi hauhesabiwi."

Basi. Maneno mawili na emoji ya kucheka hadi machozi. Na watu wanampigia makofi.

MCHUZI HAUHESABIWI! Kwani jibini ikishayeyuka inasamehewa? Ikikutana na maziwa ya moto inapaa mbinguni, tumboni inashuka harufu tu?

Nimechukua vipimo vyake mwenyewe, alivyoandika kwa mkono wake. Nyama ya tumbo la nguruwe nusu kilo, ile ya matabaka, nyeupe nyingi kuliko nyekundu. Hiyo ikiwa mbichi inapita kalori 500 kwa kila gramu 100, kwa hiyo andika 2,500. Tambi kavu gramu 400, andika 1,400. Hapo hata hatujafika kwenye mchuzi mtukufu. Sasa jibini ngumu gramu 300, na gramu 100 zina kama kalori 400: 1,200. Siagi gramu 60: 430. Unga gramu 60: 210. Maziwa yasiyoenguliwa nusu lita: 310. Mchuzi peke yake 2,150. Gawa kwa 6, inakuja karibu 360.

Mmeona? Mchuzi tu, huo usiohesabiwa, umeshameza 350 zake zote na chenji haikurudi. Nguruwe na tambi wamepita mlango wa nyuma bila kuandikishwa. Sufuria nzima inagonga 6,000, sahani moja 1,000, karibu mara tatu ya alichoandika. Na msiniambie mafuta ya nyama yanamwagwa, maana kaandika: "usimwage, ndiyo utamu, geuzia tambi humo humo."

Halafu anicheke. Mimi! Nimeweka simu pembeni, nimenawa uso, nimerudi, bado ipo pale pale. "Mchuzi hauhesabiwi."

Sijui hata nataka nini. Nataka mjue tu.

KisuButu: Ngoja nivute kiti.

Mwiko Mzito: Huyo alishanifungia siku nilipouliza chumvi anaongeza ya nini wakati jibini ina ya kwake. Cheddar gramu 100 inabeba chumvi gramu moja na nusu hivi. Kwenye hizo 300 una gramu nne na ushee kabla hujafungua kopo la chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku. Yeye anatupia kijiko kizima "kuamsha ladha". Ladha ililala lini?

Bahasha: Mkuu, hiyo ni sufuria ya watu sita lakini, si mmoja.

Kaa la Moto: Tuhakikishe kwanza hao sita walikuwepo. Mleta uzi, swali dogo. Ulipika?

Mleta uzi: Hilo halihusiani.

Kaa la Moto: Mlikula wangapi?

Mleta uzi: Hoja hapa ni mchuzi.

KisuButu: 😂😂 Sufuria ilishaoshwa hiyo. Kalori 6,000 na bado ana nguvu za kufungua uzi.

Tumbo Joto: Mnamsakama bure mtu wa watu. Nimetafuta sasa hivi, tambi gramu 100 ni kalori 150 tu. Gramu 400 ni 600. Mleta uzi kaongeza chumvi, kama huyo anayemlaumu.

Mpishi Mstaafu: Hizo 150 ni za tambi zilizochemshwa, mwanangu. Kavu ni 350 na zaidi. Zikichemka zinakunywa maji, uzito unapanda maradufu na ushee, kalori zinabaki zile zile. Gramu 400 kavu zinakupa karibu kilo mezani. Kama kuna kitu hakihesabiwi humo ni maji.

Mleta uzi: ASANTE mzee wangu. Maji! Sio mchuzi! Maji!

Tumbo Joto: Sawa, ila nguruwe ana protini, na vitamini B1 anamshinda ng'ombe kwa mbali. Jibini ina kalsiamu. Mbona mazuri hamsemi?

Mleta uzi: Nani kakataa B1? B1 haijanicheka. Mimi nimeambiwa MCHUZI HAUHESABIWI mbele za watu.

Kaa la Moto: Mara ya ngapi hii unairudia? Mtu kakuchoma kweli.

Bahasha: Dawa ipo. Acha nyama ya tumbo, chukua ya mgongoni isiyo na mafuta. Hiyo ikiwa mbichi ni kalori kama 150 kwa gramu 100, kwa hiyo nusu kilo inashuka toka 2,500 hadi 750 hivi. Mchuzi wako unabaki ulivyo.

Tumbo Joto: Na unatafuna hadi taya ziombe likizo.

mama_sufuria: Wenzangu mna bahati, wenu anatoa gramu. Wangu mimi ni "kikombe". Kikombe kipi, mama? Ukichota unga ukaushindilia unapata gramu 150, ukiumimina taratibu unapata 120, kikombe hicho hicho. Nikiuliza naambiwa "weka kwa macho". Macho yangu hayana mizani.

Mwiko Mzito: Afadhali kikombe. Kuna wale wa "kaanga kitunguu dakika 5 hadi kiwe cha kahawia na kitamu". Dakika 5! Dakika 5 kitunguu hata hakijajua kimefika jikoni.

Kaa la Moto: Kwa moto mdogo ni nusu saa kwenda juu. Mimi huwa natenga dakika 45.

Mpishi Mstaafu: Lazima maji yake yatoke kwanza, rangi inafuata baadaye. Ukiongeza moto kinaungua pembeni, katikati kibichi.

KisuButu: Tupieni sukari, yaishe.

Mwiko Mzito: Wewe ndiye unayeharibu jukwaa hili.

Mleta uzi: Wakuu, tusitoke kwenye mada.

mama_sufuria: Subiri kidogo mkuu. KisuButu, sukari ya nini kwenye kitunguu, nacho kina sukari yake?

Bahasha: Na mimi nina langu kabla uzi haujafungwa. Mchuzi wangu wa jibini kila mara unatoa chenga, mafuta yanaelea juu. Unga naweka.

Mpishi Mstaafu: Unachemsha na jibini ndani. Epua kwanza, jibini iingie mwisho kabisa, kidogo kidogo. Moto ukizidi protini zinajikunja, zinayakamua mafuta nje, ndizo hizo chenga zako.

Bahasha: Mzee, mbona hukusema miaka yote hii?

Mpishi Mstaafu: Hukuuliza.

Mleta uzi: Yaani hata mchuzi mmeuhamisha kwangu.

Mwiko Mzito: KisuButu hajajibu swali la sukari.

KisuButu: Basi wekeni magadi, ncha ya kijiko. Kitunguu kinageuka rangi upesi, hakuna cha dakika 45.

Kaa la Moto: Kinageuka rangi na kinakuwa uji.

KisuButu: Uji wa kahawia. Si ndicho mlichokuwa mnataka?