Wajumbe 566 waliobaki: Clinton bado ana njia, au wajumbe maalumu wafunge hesabu sasa?

Mzee wa Hesabu, 12 Machi 2008

Barack Obama kashinda Mississippi jana, katika mbio zake na Hillary Clinton za kuwa mgombea urais wa Marekani. Kabla hatujaanza kuvutana, hesabu ziwe mezani. Chama cha Democratic kina wajumbe 3,253 wanaopatikana kwa kura za mchujo na kokasi (mikutano ya wanachama ya kuchagua mgombea), halafu kuna takriban 795 wajumbe maalumu: maseneta, wabunge, magavana na viongozi wa chama, ambao wataingia mkutano mkuu wa Denver bila kufungwa na kura ya mtu yeyote. Tiketi inahitaji 2,025.

Kilichobaki ni hiki: Pennsylvania 158 (22 Aprili), Guam 4 (3 Mei), Indiana 72 na North Carolina 115 (6 Mei), West Virginia 28 (13 Mei), Kentucky 51 na Oregon 52 (20 Mei), Puerto Rico 55 (1 Juni), Montana 16 na South Dakota 15 (3 Juni). Jumla 566.

Kwa wajumbe wa kura, Obama yuko mbele kwa takriban 160. Clinton akitaka kulifuta pengo hilo lazima achukue 363 kati ya 566, yaani asilimia 64. Katika majimbo yote aliyoshinda, ni Arkansas peke yake, alikokuwa mke wa gavana, ndiko alikofika hapo. Lakini Obama naye hata akizoa wajumbe wote 566, bila wajumbe maalumu hafikishi 2,025. Kwa hiyo wajumbe maalumu ndio watakaoamua. Msimamo wangu: wamfuate aliyeongoza kwa wajumbe wa kura. Wakimpa tiketi aliyeshindwa, vijana na Wamarekani weusi waliojitokeza mwaka huu watabaki nyumbani Novemba.

Binti Tanga

Mkuu, kama kazi yao ni kunakili matokeo, waliwekwa wa nini? Chama kiliwaanzisha miaka ya 80, wakatumika kwa mara ya kwanza 1984, kwa makusudi kabisa: viongozi wenye uzoefu wapate sauti katika kumchagua mgombea. Kuwaambia leo wafumbe macho ni kubadili kanuni mchezo ukiwa uwanjani.

Na hao "wajumbe wa kura" wako, wengi wamezaliwa kwenye kokasi. Tazama jimbo la Washington. Kokasi ya 9 Februari ilimpa Obama karibu asilimia 68. Siku kumi baadaye jimbo hilohilo likapiga kura ya kawaida ambayo haigawi mjumbe hata mmoja, Obama akashinda kwa 51 dhidi ya 46 tu, na waliopiga kura walikuwa zaidi ya maradufu ya waliofika kwenye kokasi. Kokasi inamtaka mtu akae ukumbini saa nzima au mbili, saa iliyopangwa na chama. Muuguzi wa zamu hafiki, wala mzee asiyeweza kusimama foleni, wala askari aliye Iraq. Ninyi mnayaita hayo matakwa ya wananchi?

Kanuni Kwanza

Dada, hoja ya Washington ni nzito, siikatai. Ila kokasi zilitangazwa mapema na kila kambi ilikuwa na kalenda. Obama alipeleka watu Idaho, Clinton hakuona haja. Matokeo: Idaho, wajumbe 18 tu, ilimpa Obama 15 kwa 3, faida ya 12. Siku hiyohiyo, 5 Februari, Clinton alishinda New Jersey yenye wajumbe 107, wakagawana 59 kwa 48: faida ya 11. Jimbo dogo lililoachwa likafuta jimbo kubwa lililopiganiwa.

Wengi hapa hawaelewi kwa nini ushindi mkubwa huleta wajumbe wachache. Wajumbe wengi hugawanywa wilaya kwa wilaya, si jimbo zima, na asiyefika asilimia 15 hapati kitu. Wilaya yenye wajumbe 4: ukishinda 55 kwa 45, hesabu inatoka 2.2 na 1.8, mnatoka 2 kwa 2. Ili upate 3 kwa 1 unahitaji asilimia 62.5. Wilaya yenye 5: kura moja zaidi ya nusu inakupa 3 kwa 2. Idadi shufwa humlinda anayeshindwa, idadi witiri humzawadia anayeshinda kidogo.

Texas ndiyo somo lenyewe. Wajumbe 126 walipatikana kwa kura katika wilaya 31 za seneti ya jimbo, na kila wilaya ilipewa idadi kulingana na kura ilizowapa Democratic chaguzi zilizopita. Wilaya ya Austin ina 8, moja ya Houston yenye weusi wengi ina 7, ila zile za Walatino mpakani, ngome ya Clinton, zina 3 au 4. Clinton akashinda kura jimbo zima, akapata 65 kwa 61 tu. Halafu wako 67 wa kokasi ya usiku uleule, na huko Obama anaongoza.

Ila Mzee, 160 yako bado haijakauka. Kokasi ya mtaa haichagui mjumbe wa Denver, huchagua wa kwenda ngazi inayofuata. Jumamosi hii, tarehe 15, kaunti 99 za Iowa zinakutana, na watu wa Edwards, aliyejitoa Januari, wako huru kuhama. Wanakadiriwa kuwa na thamani ya wajumbe 14. Texas hatua ya pili ni 29 Machi. Hapo wanaoumia ni wale ambao watu wao waliteuliwa usiku wa kokasi kisha hawakutokea tena.

Mwana Kisumu

Wajumbe maalumu wamfuate mshindi, mwisho. Obama ni damu yetu.

Binti Tanga

Ndugu yangu, Kogelo haina mjumbe hata mmoja. Lete hoja.

Mimi nauliza Florida na Michigan. Majimbo mawili, wajumbe 185 na 128, yamefutwa yote kwa sababu yalipiga kura kabla ya 5 Februari. Republican waliyakata nusu tu. Mpiga kura wa Miami hakuipanga tarehe, bunge la jimbo ndilo lililoipanga.

Mzee wa Hesabu

Adhabu ya nusu ingetosha, hapo nakubaliana nawe. Lakini Michigan jina la Obama halikuwa kwenye karatasi, alilitoa kuheshimu uamuzi wa chama. Clinton akapata 55, na chaguo la "bila upande" kwenye karatasi likapata 40. Huwezi kuyaita hayo mashindano.

Hata hivyo tuyahesabu yalivyo. Florida Clinton alishinda 50 kwa 33, faida ya takriban wajumbe 38. Michigan 73, na wale 55 wasio na upande tuseme ni wa Obama: faida 18. Pengo linashuka hadi zaidi kidogo ya 100, na kizingiti cha tiketi kinapanda kutoka 2,025 hadi karibu 2,210. Bado Clinton hajampita Obama.

Kanuni Kwanza

Ndiyo maana kurudia kura Florida na Michigan kunamfaa Clinton kuliko kurudisha zilizopita, kwa sababu kunampa ushindi ambao wajumbe maalumu wataupa uzito.

Pennsylvania ni ya waliojiandikisha Democratic pekee, na mwisho wa kujiandikisha ni 24 Machi. Clinton akishinda kwa pointi 10 anapata faida ya wajumbe kama 16, akishinda kwa 20 ni kama 32. Wilaya ya pili, Philadelphia, ina wajumbe 9 peke yake, na ni ya Obama. Kwa hiyo usiku wa 22 Aprili acheni asilimia, hesabuni wilaya. Kisha subirini 6 Mei: Obama akichukua North Carolina kwa kishindo na Indiana ikawa karibu sare, faida yote ya Pennsylvania imerudi alikotoka, na watabaki wajumbe 217 tu.