Tupeane uzoefu: unamjuaje daktari mzuri?

Wakuu habari zenu. Hivi sisi wagonjwa huwa tunampima daktari kwa kitu gani? Maana nasikia watu wanalalamika "kaniuliza maswali weee mwisho kanipa panadol", halafu aliyeandika mfuko mzima wa dawa bila hata kunyanyuka kwenye kiti ndo anasifiwa. Kwangu maswali ndo kipimo cha kwanza. Kuna utafiti wa Uingereza wa 1975, kati ya wagonjwa 80, 66 ugonjwa wao ulijulikana kwa maelezo yao tu kabla hata ya kuguswa. Sasa mtu anaanza kuandika dawa hujamaliza kujieleza, amejuaje?

Mama aliumwa tumbo, wa kwanza akasema vidonda vya tumbo, dawa hizi hapa. Haikusaidia. Tukaenda kwa mwingine, kijana tu, akauliza maumivu yalianzia wapi, mama akasema kitovuni ila sasa yamehamia chini huku kulia, akamlaza akabonyeza taratibu na alipoachia ghafla mama akapiga kelele. Kidole tumbo, akafanyiwa upasuaji usiku uleule. Tiririkeni na nyie.

---

Mkuu nakuunga mkono ila upole usitudanganye. Mimi moyo ulikuwa unaenda mbio, nakonda na huku nakula vizuri, daktari mpole ajabu kanishika mkono akaniambia dada punguza mawazo, nikatoka nimefarijika kabisa. Aliyenigundua alikuwa mkavu, salamu yenyewe kaitikia kwa shida. Akasema nyoosha mikono, akaangalia vidole vinavyotetemeka, akanipa maji ninywe yeye kakodolea shingo tu. Nikapimwa damu, tezi ya shingo inatoa homoni kupita kiasi. Yule mpole simchukii, ila hakuniangalia.

---

Wa mwanangu alisema wazi "kwa sasa naona mafua ya virusi, antibiotiki haitasaidia, lakini naweza kubadili mawazo". Baba mtoto alinuna njia nzima, eti daktari gani hana uhakika. Ila alikuwa ametuelekeza, mtoto akihema haraka, mbavu zikiwa zinaingia ndani akivuta pumzi, au akishindwa kunyonya, mleteni hata saa nane usiku. Usiku uliofuata nikafunua nguo nikaona mbavu zinaingia, hatukungoja asubuhi. Nimonia, na tuliwahi. Tangu hapo daktari asiponiambia dalili za kunirudisha namuuliza mwenyewe kabla sijatoka mlangoni.

---

Langu fupi. Mlango wazi, foleni nje inasikia, daktari anasoma majibu yangu kwa sauti kama anaita majina shuleni. Majibu yalikuwa sahihi na dawa alizoandika ndo hizohizo natumia hadi leo, sina ubishi na utaalamu wake. Ila kliniki nimehama, kuna mambo mengine ya mwili wangu nilitaka kumuuliza siku ile nikashindwa kufungua mdomo.