Mashine ya kukereza mbao: cheni ya bodaboda au mkanda?

fundi_keko:
Wakuu, habari za kazi. Naunda mashine ya kukereza miguu ya vitanda na meza. Fremu nimeshachomelea, beringi zipo, mota ni ya farasi moja, mizunguko 1440 kwa dakika. Nina cheni ya 428 ya bodaboda na sproketi zake, meno 14 na 42. Jirani anasema nifunge hiyo kwa sababu haitelezi. Mkanda na puli itabidi ninunue. Niende na ipi?

mzee_patasi:
Mkanda, kijana wangu. Hizo sproketi ziuze.

Huko kuteleza ndiko unakokuhitaji. Patasi ikizama kwenye kifundo cha mninga, mkanda unateleza, unausikia ukilia, unazima. Cheni haiachii: inang'oa kipande kikurukie usoni, au inapinda shafti.

Halafu tazama kazi inavyotoka. Sproketi ya meno 14 si duara kamili, ina pembe 14, kwa hiyo mwendo wa cheni unapanda na kushuka kwa takriban asilimia 2.5 kila jino linaposhika. Kwa mota yako hiyo ni mara 336 kwa sekunde. Kelele tupu, na mtetemo wake unaweza kuuona kwenye mbao. Tena cheni inataka oili, na oili ikichanganyika na vumbi la mbao inakuwa tope la kusaga pini.

Lingine kubwa: 14 kwa 42 inakupa mizunguko 480, basi. Inafaa kuondoa pembe za gogo nene, lakini mguu wa inchi 3 hautamaliziki vizuri kwa mwendo huo. Tafuta puli za ngazi mbili (kila moja ina mifereji miwili ya vipenyo tofauti) za mkanda wa V saizi A. Milimita 75 kwenye mota na 150 kwenye shafti utapata 720; 112 kwa 112 utapata 1440. Jumla za jozi hizo zinakaribia kulingana, kwa hiyo mkanda ni uleule.

rola_na_visu:
Namuunga mkono mzee, ila cheni ina mahali pake. Kwenye mashine yangu ya kuranda, visu vinaendeshwa kwa mkanda, lakini rola za kuvuta ubao nimefunga cheni. Zinazunguka taratibu na mzigo ni mkubwa; mkanda ungeteleza, ubao ukwame chini ya visu.

fundi_keko:
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Mkanda niukaze kiasi gani?

mzee_patasi:
Marahaba. Bonyeza katikati kwa kidole gumba: puli zikiachana sentimita 40, ushuke kama milimita 6. Ukizidisha unaua beringi. Mota ifunge juu ya bamba lenye bawaba, ili kubadili mwendo uwe unazima, unainua mota na kuhamisha mkanda. Angalia pia mkanda usiguse chini ya mfereji wa puli, maana unashika kwa mbavu. Na ufunike kwa bati kabla hujawasha mara ya kwanza, siyo baadaye.