Tupeane uzoefu: mara ya kwanza kuangalia The Wire ilikuwaje kwako?

Mgeni wa Usiku: Wakuu habari za muda. Jana nimeanza The Wire baada ya miaka ya kuambiwa hakuna series ya mapolisi na wauza unga inayoifikia. Episodi ya kwanza nimesinzia mara mbili. Watu kibao, kila mtu ana jina la utani, polisi wanagombana na mabosi wao kuliko na wahalifu, hakuna hata gari lililolipuka. Mpaka sasa nimemshika yule mpelelezi McNulty tu maana kila nikifumbua macho amelewa. Tatizo ni mimi au? Nyie mlianzaje?

Kobe: Haupo peke yako. Mi niliiacha mara tatu.

Dada Mkubwa: Vumilia hadi episodi ya nne. McNulty na mpelelezi mwenzake Bunk wanaingia kwenye lile jiko palipouawa mtu, wanapima risasi ilipita wapi, na muda wote wanaongea kwa tusi moja tu wanalirudia rudia. Hamna anayekuelezea kitu ila unaelewa kila kitu. Hapo ndo nilikaa vizuri.

Mzee wa Peja: Vijana mmezoea kutafuniwa. Aliyeitunga ni David Simon, alikuwa mwandishi wa gazeti hukohuko Baltimore, Marekani, inapotokea series, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa mauaji halafu akawa mwalimu. Ndo maana sizoni moja bandarini, nyingine shuleni, ya mwisho kwenye gazeti. Ukitaka milipuko kaangalie katuni.

Kobe: Mzee punguza ukali, mtu kauliza tu.

Fleshi Mbovu: Umenikumbusha mbali. Mi nilipewa kwenye fleshi na jamaa, mafaili yamechanganyika hayana namba, nikabonyeza la kwanza tu. Kumbe ni episodi ya 12. Naona dogo mmoja anawekwa chini ya ulinzi na washkaji zake wawili chumbani, analia, anawaomba, wanampiga risasi. Nikasema haya, wameuana, nikaenda kula. Sikuwa namjua. Baadaye nikapanga mafaili vizuri nikaanza mwanzo, sasa kuna asubuhi moja yule dogo, Wallace, anaamsha watoto wadogo anaoishi nao kwenye nyumba iliyotelekezwa, anawagawia juisi na chipsi mmoja mmoja waende shule, na yeye mwenyewe bado mtoto. Nilizima. Ndugu zangu nilizima nikakaa gizani. Maana namuona yuko hai, anacheka na Poot na Bodie, na mi najua ni haohao. Sikuirudia karibu mwezi.

Chipukizi: Asante sana kwa kumwaga mtama. Nipo episodi ya SABA.

Fleshi Mbovu: Imeanza 2002 imeisha 2008 mkuu, tukae kimya mpaka lini?

Chipukizi: Mpaka mwenye uzi aimalize! Yeye ndo yuko ya kwanza!

Mgeni wa Usiku: Dah. Nilikuwa hata sijamjua Wallace ni nani.

Kapteni: Nyie hamjapata matatizo. Mimi na mke wangu tuliahidiana kuangalia pamoja, moja kila usiku. Akilala naendelea. Siku hiyo tumefika pale Omar, yule anayewapora wauza unga, anashuka mtaani na bunduki yake anapiga mluzi, watoto wanakimbia. Mama watoto akasimamisha. Kimya. Akanigeukia, "Baba nanihii, huo mluzi unaupiga wiki ya pili sasa ukiosha vyombo." Nikasema ni wimbo wa watoto, unajulikana. Hakubishana. Akachukua kompyuta akaanza kukagua faili moja moja kama yule mpelelezi Lester Freamon, akakuta nilipoishia. Sizoni ya tatu. Nimelala kwenye kochi siku nne.

Dada Mkubwa: Nakufa mie 😂 siku nne chache, huo ni usaliti.

Kobe: Yaani umekamatwa kwa sauti, kama series yenyewe.

Mzee wa Peja: Wenzio wauza unga wa genge la Barksdale walikuwa wanatumia simu za mtaani na peja kuficha ushahidi, wewe unapiga mluzi.

Chipukizi: Mlimalizana vipi?

Dada Mkubwa: @Mgeni, washa maandishi ya chini, Kiingereza cha vijiweni kule kinachosha.

Fleshi Mbovu: Usiwashe, utasoma badala ya kuangalia. Na sizoni ya pili ruka.

Mzee wa Peja: Akiruka sizoni ya pili nisimuone hapa.

Kobe: Hivi mnajua walioigiza McNulty na Stringer Bell, yule wa genge la Barksdale, wote ni Waingereza?

Mgeni wa Usiku: Acha utani. McNulty pia??

Chipukizi: Kapteni jibu bwana.

Kapteni: Tulianza upya kutoka mwanzo, ndo faini niliyopigwa. Tupo sizoni ya pili sasa, analalamika mambo ya makontena yanamchosha, ananiuliza kama mbele inachangamka. Namwambia na mimi sijui, ngoja tuone.

Mzee wa Peja: Mluzi je?

Kapteni: Vyombo anaosha yeye siku hizi.